Maji ya Jiwe

Alhamisi, Julai 1996. Baridi, mawingu tangu asubuhi, na bado hakuna tone la mvua.

Naandika kabla hata ya kuvua koti. Nikingoja nitaanza kuyapamba maneno, na leo sitaki. Tangu Jumanne nilikuwa sijapumua vizuri. Sasa napumua.

Mama huwaambia majirani zetu hapa Kawangware kwamba kazi yangu ni kupima mawe, nao hucheka. Ni kweli lakini. Lori likijaa mawe ya kupelekwa kiwandani, sampuli huletwa kwenye maabara yetu, nami natafuta ni kiasi gani cha uzito huo ni maji. Hakuna mnunuzi anayetaka kulipia maji, kwa hiyo bei hutajwa kwa tani kavu. Bei ya mawe ya chuma huhesabiwa kwa undani zaidi: tani kavu hugawanywa sehemu mia, na kila sehemu moja ambayo ni chuma huitwa unit. Hiyo unit ndiyo yenye bei. Nilipomweleza Mama, aliuliza kama nazo hukatwa usipolipa, kama zile unit za stima nyumbani.

Jumatatu niliweka trei mbili kwenye oveni. Moja ilikuwa ya mawe ya chuma. Nyingine ilikuwa ya jasi, lile jiwe jeupe la viwanda vya saruji, kutoka lori la Mama Zaina wa Kibera. Oveni moja, moto mmoja, digrii mia na tano.

Jumanne asubuhi jasi ilikuwa imepoteza sehemu kumi na nane katika mia za uzito wake.

Niandike ukweli. Nilipoiona namba hiyo, nilijua ni kubwa mno. Nikajiambia pengine lori lilinyeshewa njiani. Mimi Nafula, niliyepewa jina hili kwa kuzaliwa majira ya mvua, nilikaa pale nikiitafuta mvua ambayo haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Kisha nikaipiga ripoti chapa na kuiweka kwenye meza ya Bwana Mutiso, mkubwa wangu, aitie sahihi akirudi Jumatano.

Mama Zaina alikuja mchana kuuliza majibu. Ni mama mwenye malori mawili na maneno mengi. Kiwanda kilikuwa kimemwonya: maji yakizidi kumi katika mia, hakitachukua mzigo wake tena. Nilimwambia namba. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Msichana, maji yote hiyo kwa lori yangu? Si ningefuga samaki?"

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko kosa lenyewe.

"Kwa hivyo mimi ni mwongo," alisema akifunga mtandio wake. Akaondoka.

Jioni nilipita sokoni kumsaidia Mama kufunga kibanda chake cha samaki. Alikuwa ameletewa omena, wale dagaa wa ziwani, zenye unyevu, na baridi hii haina jua la kuanikia. Nikajifanya msomi. Nikamwambia tupime kikombe kimoja, tukikaushe juu ya jiko, tukipime tena, ndipo tujue yule aliyemletea amemuuzia maji kiasi gani.

Mama alinitazama kwa huruma kabisa.

"Moto haitoi maji pekee yake, Nafula. Inatoa na mafuta ya samaki. Hapo umechoma, hujakausha. Halafu uende kumwambia mwenyewe ati aliniwekea maji?"

Nilisimama nikiwa na kikombe mkononi.

Nilikuwa nimefundishwa jambo hilohilo chuoni. Liko kwenye daftari langu, nimelipigia mstari kwa wino mwekundu. Jasi hubeba maji yake ndani, yaliyofungwa na jiwe tangu lilipoumbika. Hayo si unyevu. Ni jiwe. Ndiyo maana hukaushwa kwa moto mdogo, digrii arobaini na tano tu, unyevu wa juu utoke na yale ya ndani yabaki. Mimi niliyatoa pamoja, kisha nikamhesabia mwenye jiwe kama hila yake.

Usiku ule niliwaza mambo mawili tu. Kwamba miezi yangu mitatu ya majaribio kazini inaisha Ijumaa ijayo. Na kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua.

Hakuna. Namba ilikuwa safi na mizani haikuwa na kosa.

Jana asubuhi nilimsubiri Bwana Mutiso mlangoni, nikasema yote kabla hajaketi, kwa sababu nilijijua: nikingoja ningenyamaza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Uliiweka pamoja na ya chuma?" Nikasema ndiyo. Akaichukua ripoti, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akatoa kwenye kabati mfuko wa pili, ile sampuli ya akiba ambayo hufungwa na kuachwa ili watu wakibishana kuwe na kitu cha kurudia.

"Mimi pia nilichoma jasi," alisema akikata kamba. "Mwaka wangu wa pili."

"Ukafanyaje?"

"Nilinyamaza."

Hakuinua macho. Akanipa mfuko, akasema nirekebishe moto mwenyewe, na kwamba Mama Zaina nitamwambia mimi, si yeye.

Kwa hiyo baada ya kazi nilienda Kibera, mpaka kwake mtaa wa Makina. Nilimkuta barazani akisuka kawa la rangi la kufunikia chakula, miguu ameinyoosha. Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikapotea yote. Nikasema tu kwamba namba niliyompa haikuwa ya kweli, kwamba nililichoma jiwe lake na sasa linapimwa upya, na kwamba nilicheka na sikupaswa kucheka.

Alisuka mizunguko miwili mizima.

"Kwa hivyo mwongo si mimi."

"Si wewe, Mama. Ni mimi."

"Wewe hukudanganya. Wewe ulikuwa na haraka." Akasogeza mkeka. "Keti unywe chai. Lakini hiyo karatasi mpya, nitaisoma mwenyewe."

Leo asubuhi nimeipima trei mara tatu, mpaka uzito ukakataa kushuka. Tatu. Sehemu tatu tu za maji katika mia. Bwana Mutiso ametia sahihi, kisha akaniagiza nibandike karatasi kwenye mlango wa oveni: JASI, MOTO MDOGO. Amesema iandikwe kwa herufi kubwa, kwa ajili ya atakayekuja baada yetu. Alisema yetu, mimi nikiwamo. Nimeisikia vizuri.

Mchana Mama Zaina alikuja maabara, akasoma ripoti akiwa amesimama, kidole kikifuata kila mstari. Alipofika kwenye namba alinitazama.

"Tatu?"

"Tatu, Mama."

"Basi samaki wangu wamekufa."

Safari hii alicheka wa kwanza, nami nikacheka baada yake.

Nimeweka kalamu chini, nimeishika tena. Namsikia Mama nje akikung'uta magunia na kuyalalamikia mawingu. Kesho jua likitokeza hata kidogo, nitaamka mapema tuanike zile omena, polepole, mpaka zikauke zenyewe.