Nusu ya Kiwanja cha Mwajuma

Baba Mwajuma, mwanao ameambiwa akavunje kile kiwanja chake cha gofu, nusu nzima. Nimelitoa hilo kabla hata ya salamu, nisamehe. Mungu akulaze pema.

Wageni wamepungua, hoteli hali yake mbaya, haiwezi tena kumwagilia majani yote yale. Mashimo kumi na nane yabaki tisa. Ofisi ya Mwajuma na wachoraji wenzake imefungwa. Bosi wake sasa anapanga bustani za kumbi za harusi, mwenzake mmoja kaenda kufuga kuku. Viwanja vipya hakuna anayejenga, kazi iliyobaki ni kupunguza vya zamani, na wamemwita yeye kwa kuwa ndiye aliyekichora. Nani mwingine angeitwa? Kijiji chetu cha Mbuchi chote, sema wilaya ya Kibiti yote, hakuna mtoto mwingine aliyechora kilima kwenye karatasi kikaja kusimama. Nawaambia watu mpaka wananikimbia kisimani.

Unakumbuka alivyokupeleka? Ukavua makubazi, ukakanyaga yale majani, ukasema, "Mpunga hapa ungecheka." Kile kijilima ulichokalia kupumzika kimo kwenye nusu inayoondolewa. Ndicho kilichomrudisha nyumbani, kakonda, usiku halali, ananiuliza, "Mama, nikubali?" Akikataa, watamleta mtu mwingine na tingatinga lake.

Mimi shule yangu unaijua. Nilimchukua tu tukaenda shambani. Mafuriko ya safari hii yamefuta mipaka yote, yetu na ya mdogo wako Athumani, tope tupu. Nikamwambia, baba'ko kila mwaka alikuta hivi hivi, anaguna kidogo, anatafuta kamba, anapima upya. Mwajuma naye miguu imezama topeni. Kisha akasema atakwenda kukivunja kile kiwanja mwenyewe, kwa adabu, asimwachie mgeni. Usiku ule alilala.

Nimechoka, mume wangu. Kumbembeleza mtoto mkubwa kunachosha kuliko kulima.

Kamba yako ipo, nimeitundika palepale ulipoiacha. Athumani anatania, "Huyo wa gofu atayaweza matope yetu?" Mwache, ataona.

Pumzika. Nakuahidi shamba lako halitapungua hata wayo mmoja. Mwajuma hatarudi hotelini kwanza. Jumamosi asubuhi majirani wote wanakuja kupima mipaka, na kamba yako ataishika yeye.