Kumbe Wade Ana Mama

Jumamosi, 6 Oktoba

Tumefika! Utah. Wekundu kila upande – miamba, barabara, hata soksi zangu nyeupe. Kwetu Duluth wameshawasha hita, mimi huku pua imebabuka.

Asubuhi tumepanda lile genge maarufu la hifadhi. Juu kabisa unashika mnyororo, na chini yako hakuna kitu. Hakuna! Mimi natambaa kama mtoto, mume wangu Wade kasimama ukingoni anacheka. "Mama wee, fungua macho basi, umelipia kuona." Anapanda kama mbuzi. Nikamuuliza: mtu wa Oregon kama yeye, kwenye mvua na matope, kajifunzia wapi? "Miguu tu," akasema.

Miaka yote nimemwomba tuje huku, anasema joto, anasema nyoka. Mwaka huu kakubali ghafla. Sikumhoji – mtu akikubali, unafunga begi.

Jumapili, 7 Oktoba

Upinde wa mwamba. Mchanga hadi masikioni. Wade kutwa alikaa juu ya jiwe akitazama kusini, hata chakula hakutaka. Nikala sandwichi yangu na yake.

Jumatatu, 8 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Mvua ilinyesha huko milimani, sisi hatukupata hata tone. Mara korongo likajaa maji mazito mekundu, yakaondoka na kipande cha barabara. Askari wa hifadhi akatuambia tuzunguke kusini, tupitie Cedar Fork.

Wade: "Tusubiri hapa."

Tusubiri nini? Moteli imejaa! Nikashika usukani mwenyewe.

Cedar Fork ni mji wa wale watu wa dini ya wake wengi. Magauni marefu hadi kwenye vifundo, nywele zimeinuliwa juu ya paji, msuko mmoja mgongoni. Nyumba kubwa kama hosteli, nyua ndefu. Nikasimama kuweka mafuta. Wade kashusha kofia hadi puani. "Unajificha nini?" nikamwambia. "Hawatakuozesha kwa nguvu." Nikacheka. Nilicheka!

Mwanamke akatoka dukani na mfuko wa unga begani. Akapita. Akasimama. Akarudi, akainama dirishani kwa Wade.

"Heber?"

Wade akageuzia uso kwangu.

"Heber, ni mimi. Velda. Dada yako." Mfuko ukamponyoka, unga ukatapakaa. "Walituambia umekufa! Mama mpaka leo anakuwekea sahani."

Mimi kazi yangu ni nywele. Kichwa cha mume wangu nakijua kuliko uso wangu. Nikatazama paji la yule mwanamke: nywele zimechongoka katikati, na kile kishungi cha kushoto kisicholala hata ukikipaka gundi. Kichwa kile kile!

Wade akasema, "Endesha."

Nikaendesha.

Wazazi wake walikufa kwenye ajali ya gari, Oregon. Ndivyo nilivyoambiwa. Nimewawashia mishumaa kanisani kila Krismasi!

Jumanne, 9 Oktoba

Tuko mji wa Kanab, motelini. Nikamtoa Wade nje, tukafuata njia ya mchanga katikati ya miti ya mireteni, na huko ndiko alikofungua mdomo. Alitembea mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Anaitwa Heber. Baba yake alikuwa na wake watano. Watoto zaidi ya thelathini, nyumba ile ile. Mama yake, LaRue, ndiye mke wa tatu. Hata Oregon hajawahi kukanyaga.

Ndevu zilipokuwa ndiyo kwanza zinachomoza, baba alimpakia kwenye gari, akamshusha kando ya barabara kuu. "Kuanzia leo wewe kwetu umekufa." Akageuza gari.

"Ulifanya nini?" nikauliza.

"Nilimpa msichana pichi."

"Pichi?"

"Pichi, Corinne. Tunda. Wavulana wakizidi, wazee watamwoa nani? Walikuwa wanatafuta sababu tu."

Nikakaa chini, palepale mchangani. Mtu anamtupa mwanawe kama paka! Halafu hasira ikanipanda – si kwa baba tu. Nikavua kofia nikampiga nayo mgongoni. "Miaka yote hii nimelala na marehemu wa watu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungetaka kuja."

Kweli. Ningetaka.

Baba alikufa masika. Wade alisoma kwenye simu. Ndiyo maana alikubali safari – atazame kwa mbali, basi. Nikamwambia mama yake yu hai, anaweka sahani. Akatikisa kichwa. Asubuhi ile ya kufukuzwa, mama ndiye aliyemfungia chakula kwenye karatasi, akampa na koti. Kiangazi – koti!

"Sijui kama alijua," akasema. "Kama alijua, sitaki kumwona. Kama hakujua, nitamtazamaje?"

 

Jumatano, 10 Oktoba

Wade ameamka, kavaa shati la mikono mirefu, kalifunga hadi kifungo cha shingo. Kwa joto hili! Sikuuliza. Kaendesha mwenyewe, bila ramani.

Tuko Cedar Fork, mbele ya nyumba yao. Alizima gari, akashindwa kushuka. Nikaenda kugonga mimi. Akafungua Velda, akapauka.

"Dada, ondokeni! Nephi asiwaone." Nephi ni mtoto wa mke mkubwa. Baba kafa, sasa nyumba ni yake. "Akijua Mama kaongea na aliyefukuzwa, atamhamisha. Wengine walihamishwa. Hatujui hata waliko."

Nyuma yake kikongwe, mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria. Hakuniuliza mimi ni nani. Alitazama gari, kupita bega langu. Akaingia ndani – nikadhani ndiyo basi. Akatoka na kiti cha jikoni.

Velda: "Mama, usivuke! Mama!"

Kavuka lango la ua. Kaweka kiti kando ya mlango wa Wade, kaketi, mikono mapajani. Nimerudi ndani ya gari. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu niiweke wapi. Wade anatazama mbele, jasho linamtiririka. Mapazia ya nyumba zote yanachezacheza.

Vumbi jekundu mwisho wa barabara. Pickup nyeupe. Velda anapunga mikono kama mwendawazimu: "Nephi!"

Wade kashusha kioo, upana wa vidole.

"Siku ile," anasema. Sauti siijui, lafudhi siijui! "Ulijua?"

Mama anasimama. Anaingiza vidole kwenye ule upenyo, vyote vinne, anashika kioo. Mdomo umefunguka. Hajajibu.

Pickup imesimama nyuma yetu. Mkono wa Wade uko kwenye ufunguo –