Chupa ya Mwisho ya Jamu

Jumapili, 9 Machi 2025

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Padri aliuliza kila mtu anaacha nini. Mimi nimeacha sukari. Chai chungu mpaka Pasaka! Nilijisifu kidogo moyoni pale kanisani, Mungu anisamehe.

Mchana Bhoke akapita. Jirani yangu huyu ni mjane, mimi mgane, na mdomo wake hauna breki. Leo nimeushukuru mdomo huo. Kasema Judith, mke wa mwanangu Mseti, hawezi kula. Kila anachokula kinarudi. Kliniki nesi kamwambia damu imepungua, uzito umesimama, na mimba ni ya miezi minane. Ile ya kwanza iliharibika mwaka juzi. Nilimwona Mseti akiwa ameshika kichwa siku ile, sitaki kumwona vile tena.

Mseti mwenyewe yuko barabarani na semi-treila, mara Dar, mara Tunduma. Mwanangu wa pekee. Na mke wake yuko hapa hapa, ng'ambo ya ua wangu, nasikia harufu ya moshi wake — na siwezi kwenda hata kumuuliza, mama, unajisikiaje.

Kwetu Wakurya baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hampi mkwe mkono, hali naye meza moja. Ni heshima na haijawahi kunikera. Leo imenikera.

Jioni nikatoa chupa ya mwisho ya jamu ya Wegesa. Ilikuwa kabatini nyuma ya Biblia tangu Agosti, tangu mke wangu afariki. Sikuwa naila, nilikuwa naitazama tu. Nikaiweka juu ya jiwe la kunolea lililo katikati ya ua, pale ambapo mimi na Judith tunaachiana vitu. Nikakohoa. Nikaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Imekaa! Judith kachanganya kijiko cha jamu kwenye uji wa ulezi, kanywa kikombe, kaongeza kingine, na uji umekaa tumboni. Bhoke kaja kunitangazia kwa sauti ya mnadani. Huwa anapiga kelele kwa sababu masikio yangu yaliharibiwa na mashine ya kusaga, lakini leo angenong'ona ningemsikia.

Asante Wegesa. Umelala huko na bado unalisha watu.

Ijumaa, 14 Machi

Bhoke anasema chupa imefika nusu. Chupa haina chemchemi ndani yake. Lazima tupike nyingine.

Tatizo ni hili: jamu sijui. Wegesa alifundishwa na masista alipokuwa msichana, akapima kwa jicho maisha yake yote. Mimi nilikuwa mkono. Aliniita jamu ikianza kuwa nzito, akanipa mwiko, akasema koroga usisimame. Nikakoroga, nikilalamika. Mkono unakumbuka ilikuwa nzito kiasi gani ikiwa tayari. Kichwa hakikumbuki kitu.

Mpera wa nyuma ya nyumba umezaa mpaka matawi yanainama. Ndege wanasherehekea. Kesho ni zamu yetu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya vituko.

Mafiga tumeyapanga uani karibu na lile jiwe. Mimi motoni. Judith barazani kwake, amekaa upande upande asinitazame usoni, anachuja mbegu za mapera yaliyochemshwa. Bhoke katikati, anabeba sufuria huku na huku na maneno huku na huku. "Baba anauliza kama umemaliza kuchuja." "Mkweo anasema bado." Tunasikiana wote, umbali ni wa kurusha ndizi, lakini ujumbe lazima upite kwa Bhoke. Mwisho Bhoke akakasirika, kasema hata mabalozi hulala mchana. Judith akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Chupa moja ilipasuka — paa! Nilimimina jamu ya moto kwenye chupa baridi. Wegesa angenipiga na mwiko. Alikuwa anazichemsha kwanza, akazitoa zikiwa na moto wao.

Halafu jamu yenyewe. Imekataa kushika. Tumeipoza, tukainamisha sahani, ikakimbia kama uji wa mgonjwa. Na mimi na Kwaresima yangu siwezi kuonja! Kaonja Bhoke. Kaonja tena. Karudia ili awe na uhakika. Kasema tamu.

Jumatatu, 17 Machi

Haikukaa. Judith aliitia kwenye uji jana jioni, yote ikarudi. Alimwomba Bhoke asiniambie, maana nilihangaika sana. Bhoke akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu kuniambia kwamba ameombwa asiniambie.

Sijala vizuri leo. Naiangalia jamu yangu kwenye chupa, imelegea, ina rangi ya chai ya maziwa. Ya Wegesa ilikuwa nyekundu kama udongo wa hapa Matongo baada ya mvua. Tuna sukari ile ile na mti ule ule, sasa nini?

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Baada ya sala nikaenda chini ya mpera kuchuma, sijui hata kwa ajili ya nini, nilitaka tu kuwa na kazi. Nikawa nachagua yale ya njano, laini, mazuri ya kutazama. Nikanyoosha mkono kuruka moja la kijani — na nikamsikia. Si mzimu, hapana. Kumbukumbu tu. Wegesa amesimama mlangoni, mkono kiunoni: "Na hayo magumu unamwachia nani?"

Magumu! Kila mwaka alinituma nichume na yale yanayouma meno, na mimi kila mwaka nilidhani ni ubahili. Aliyachanganya na mabivu. Na limao akakamua. Uchachu ndio uliokuwa unaishika jamu, na uchachu ndio unaotuliza tumbo la Judith. Nilikuwa napika sukari tupu!

Nikarudi nusu nakimbia. Bhoke hayupo. Nikasimama kwenye jiwe, nikageuzia uso wangu kwenye minyaa ya uzio kama inavyotakiwa, nikapaza sauti: "Mama, tulikosa magumu!"

Halafu Judith naye akapaza, kwa ajili ya masikio yangu: "Baba, nilijua haina uchachu. Niliogopa kusema."

Nikaiambia minyaa kuanzia leo asiogope. Akasema ndiyo baba. Nimefurahi mpaka nimekunywa chai chungu bila kukunja uso.

Jumamosi, 22 Machi

Bhoke kaleta habari kwamba chupa ya Wegesa imekwisha. Imekwisha kabisa? Imekwisha, baba Mseti, Judith mwenyewe kasema.

Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wake. Lakini nikajiambia, Kornelio, ingekaa nyuma ya Biblia ingeota ukungu, na sasa imekwenda kwenye damu ya mjukuu wako. Kuna mahali pazuri zaidi pa kuishia? Hakuna. Nikashukuru kwa kweli, si kwa mdomo.

Mvua haikatiki. Mafiga ya uani yanaogelea. Judith kaanza tena kuurudisha uji. Amesema — kupitia Bhoke — tupikie jikoni kwake, ndani. Bhoke atakoroga. Mimi nitakaa nje chini ya upenu, karibu na dirisha, niwe naelekeza. Nimekubali. Kiti changu tayari nimekifuta.

Mseti kapiga simu kutoka Singida. Anauliza mke wake anakula? Nikasema tunapika. Akauliza nani anapika? Nikasema tunapika, bwana, angalia barabara.

Jumatano, 26 Machi

Naandika kwa vipande. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti, nashukuru. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi tulianza vizuri. Mvua juu, mimi chini ya upenu, Bhoke ndani na mwiko. Namuuliza dirishani, mwiko una uzito gani? Mzito. Mzito kama nini? Kama mwiko! Mtu huyu hafundishiki. Mapera yamechanganywa, magumu na mabivu, limao limo, na harufu iliyotoka dirishani ilikuwa ile yenyewe. Nilifumba macho.

Halafu Bhoke akaita kwa sauti nyingine. Si ya mnadani. Maji ya uzazi ya Judith yametoka, na siku zake hazijatimia.

Brayan wa bodaboda alikuja haraka, Mungu ambariki, na koti lake la mvua akalivua akampa. Judith akapanda katikati, Bhoke nyuma amemshika. Wanaenda kituo cha afya. Pikipiki ilikuwa imeshawashwa, Judith akamgonga Brayan bega asubiri. Akanigeukia. Miaka yote aliyoolewa hapa hajawahi kunitazama usoni. Leo kanitazama.

"Baba, jamu iko motoni."

Nikasema iungue tu, mama, nenda.

"Isiungue. Nikirudi nitakunywa uji na nini? Ingia, baba."

Nikasema nitamtafuta mtu. Akasema, "Mtu gani? Ingia." Maumivu yakamshika, akafumba macho, wakaondoka.

Nilisimama mlangoni. Nilitazama ua wote nione kama kuna mwanamke yeyote, hata mtoto wa kike wa jirani. Mvua imewafungia wote ndani. Nikaanza kusikia harufu ya jamu inayoshika chini.

Nikavua kofia. Nikapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikaingia.

*

Nimeiokoa. Ilikuwa imeshika kidogo sana chini, sikukwangua, nimehamishia sufuria nyingine. Mwiko ni ule ule wa Wegesa, umelika upande mmoja — upande wa mkono wangu. Nikakoroga. Haukupita muda, mkono ukasema sasa. Sikuuliza mara mbili. Tone kwenye sahani, nikainamisha — limekaa! Limekunja ngozi, halikimbii!

Chupa zilikuwa zimechemshwa tayari, Judith alizipanga kichwa chini kwenye kitambaa safi. Msichana makini huyu. Nimemimina, nimefunga, nimerudisha kwenye maji yachemke. Nasubiri. Sijui niangalie wapi. Khanga yake iko kwenye msumari, naangalia moto.

*

Nilikuwa natafuta mahali pa kuzipanga chupa zikipoa. Juu ya rafu, nyuma ya kopo la chumvi, iko chupa ya Wegesa.

Haijaisha. Kuna kijiko kimoja ndani, labda kimoja na nusu. Kifuniko kimekazwa.

Alisema imekwisha. Siku zote hizi alikuwa anatapika uji, na kijiko hiki kimekaa hapa! Nilikasirika kwanza, nikasema kwa sauti, kwa nini hukula, mwanangu? Halafu nikaelewa. Kaacha ya kulinganishia. Tukipika tujue kama tumeipata. Mimi sikuwa nimefikiria hilo, mume wa Wegesa kwa miaka yote ile.

Nimelia. Humu hakuna wa kuniona.

Na Kwaresima nimeivunja. Nimeonja ya Wegesa kwa ncha ya kijiko, halafu nimeonja yetu. Padri nitamweleza, na ninadhani atacheka. Hazifanani sawasawa. Ya Wegesa ina kitu nyuma yake ambacho sikijui na sitakijua. Lakini ni ndugu. Ukizikutanisha barabarani ungesema hawa ni wa mama mmoja. Nimerudisha kifuniko nikakaza, kilichobaki ni cha Judith.

*

Simu. Bhoke. Nimesikia mvua, nimesikia "baba Mseti, baba Mseti, wamesema", halafu mtandao ukakata. Wamesema nini? Nikipiga, hapatikani. Nimepiga kwa Brayan, inaita, hapokei.

Ee Mungu. Nimekushukuru mwezi mzima. Sijakushukuru ili unilipe. Lakini wote wawili, tafadhali. Wote wawili.

*

Chupa ziko mezani, zinapoa. Wegesa alikuwa ananiita nisikilize vifuniko vinavyojivuta ndani — tok, tok. Anauliza, umesikia? Nilisema ndiyo. Sikuwahi kusikia hata kimoja, mashine ilishaniharibu. Leo nagusa kwa kidole. Kisichobonyea kimefunga. Hiki kimefunga. Na hiki. Kingine kimejivuta chini ya kidole changu wakati nakigusa! Kumbe ndivyo kilivyo. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Kimebaki kimoja.

Mbwa wetu amesimama mlangoni. Ametega masikio, anatazama barabara. Mimi sisikii kitu, lakini yeye hajawahi kuikosea pikipiki ya Brayan. Sasa anatikisa mkia, au ni baridi, sijui.

Kofia yangu iko magotini. Ningetoka sasa ningewahi kufika kwenye jiwe langu, nikae pale na mvua, hakuna mtu angejua mzee Kornelio alikaa jikoni kwa mkwe wake. Lakini alisema ingia. Hajasema toka. Na hiki kifuniko kimoja bado kinabonyea, nimekiwekea kidole.

Taa imepita kwenye minyaa. Sitoki. Atakayeingia na anikute hapa —