Sauti Kwenye Video ya Darajani

Hayfa, soma hii halafu ifute. Wamemchukua Sarmad.

Ndiyo, Sarmad huyu huyu wa jirani yangu! Leo alasiri, mchana kweupe.

Jana si alipanda juu ya paa akapiga video askari wakiwamiminia vijana waandamanaji risasi pale darajani? Alikuwa mwangalifu, hakuonyesha sura ya mtu wala mlango wa nyumba. Akawatumia watu wa televisheni, wakairusha, mji mzima wa Nasiriya ukaona. Lakini sauti wakaiacha vilevile.

Leo wamekuja wanaume watatu wamefunika nyuso. Hata hawakumwulizia Sarmad mwenyewe. Wameuliza kwa adabu tu, "Mama Sarmad ni nani hapa?"

Maskini, akajibu kwa fahari kama siku zote: "Ni mimi, wanangu. Karibuni chai."

Karibuni chai, Hayfa! Amewakaribisha chai!

Mmoja akacheka. "Ahsante, mama. Tumesikia ukiitwa kwenye televisheni. Haya, tuitie huyo Sarmad."

Vikombe vitatu alivyowatengea bado viko kwenye sinia, hataki mtu aviguse. Anauliza neno moja tu: "Nani aliniita jana? Nani aliniita?"

Ni mimi, Hayfa. Nilipiga kelele uani kwangu: "Mama Sarmad, mteremshe mwanao, watamuua!"

Sijamwambia. Nimekaa naye, nimemshika mkono, na sijamwambia.

Mkanye binti yako Rand asirushe video yoyote yenye sauti za watu. Na wewe ukinipigia, usiniite tena Mama Muntadhar. Niite Sabiha.