Nambari Moja kwa Kompyuta Mbili

Bombolulu, Jumanne, Machi 1998

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Kitabu cha ile programu mpya ya kutia madoido kwenye video kimesema wazi: kompyuta zikiungwa kwa waya, kila moja iwe na nambari yake. Sikukisoma. Zote mbili nilizipa nambari moja, zikawa haziwezi kupelekeana kitu.

Juzi Mwanakombo, mwenzangu hapa studio, aliniuliza kama dua ya nyanyake bi harusi imeshafika kwenye kompyuta kubwa. Nikamjibu, "Imefika," bila kutazama. Basi akaifuta kwenye kompyuta ndogo, na kanda iliyorekodiwa dua ile akaitumia kurekodia harusi nyingine.

Leo wenyewe, jamaa za bi harusi, wamekuja kuiulizia. Yule nyanya amefariki, na sauti yake haipo tena popote.

Bwana Athmani, mwajiri wetu, akamgeukia Mwanakombo. "Kanda umeifuta wewe?"

"Naam, nimeifuta mimi."

Hakunitaja. Nami nimesimama papo hapo, nakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Jioni nikamfuata kwao Mishomoroni, nikamweleza habari ya zile nambari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishaziona tangu asubuhi," akasema. "Wallahi, nilikuwa nakungoja useme."

"Ndiyo nimekuja kusema."

"Mimi najua tayari. Asiyejua ni Bwana Athmani. Na wale waliofiwa."

Kwa Bwana Athmani nitaweza, inshallah. Lakini kwa wale wafiwa, nikishapiga hodi nikakaribishwa, sijui nitaanza na neno gani.