Tunda la Pembe Tano

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Hajala. Uji wa mchele vijiko viwili, akageuza uso ukutani. Nikamwambia, mwanangu, hata kuku anadonoa. Akacheka upande mmoja tu wa mdomo, akavaa ndala maana viatu havimwingii tena, miguu imevimba. Akaenda kiwandani kushona kola za mashati ya watu.

Nimebaki na chumba. Jiko la umeme la sahani moja, kitanda chetu, pazia, dirisha. Na chini ya dirisha — soko zima la matunda! Mungu naye ana utani wake. Kwetu papai moja linakatwa vipande vya kugombaniwa. Hapa yanamwagwa kwenye maturubai kama kokoto. Maembe, mapapai, mananasi, mengine sijui hata yanaliwa kuanzia upande gani. Kwa bei ya kiberiti unajaza mfuko. Nakula mpaka maji yananichuruzika kwenye kiwiko. Halafu namkumbuka yeye, nafuta mdomo haraka kama mwizi.

Maana yeye hata ndizi haruhusiwi. Figo. Ndizi, chungwa, parachichi, tende, vyote daktari kakataa. Maji yenyewe anapimiwa kwa kikombe cha kahawa. Kiu ikizidi ananyonya kipande cha barafu. Jamani, mimi nilizaa mtoto nije nimnyime maji?

Jumanne, tarehe 3 Juni

Siku ya mashine. Damu inatoka kwa mpira mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mwingine. Mimi natazama dari. Nikitazama ule mpira na mimi nitaanguka, watakuwa na wagonjwa wawili.

Kwenye basi kaniwekea kichwa begani. Mwepesi kama kapu tupu. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si umekuja, Mama? Basi napona." Nikamwambia ndiyo. Nikatazama nje.

Kanikumbusha tena Fundi Vigae asijue. Huyu ni mtu wa kwetu, anakaa ghorofa ya juu, anaweka vigae kwenye majumba ya watu. Lugha ya hapa anaiongea kama alizaliwa nayo. Mtu mwema, ila mdomo wake hauna kifuniko. Akijua yeye, nyumbani wanajua kabla wali haujaiva. Baba yake mwanangu, na presha ile! Anadhani nimekuja kutembea tu, nimshike mkono binti yake ugenini. Na kiwandani wakisikia, kesho kiti chake kina mtu mwingine.

Nimeapa. Kwa hiyo nikikutana na Fundi kwenye ngazi nacheka mimi, nasema sisi wazima. Sisi wazima kabisa.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Muuza matunda wa pale kona, mimi namwita Mama Kofia kwa ile kofia yake pana kama ungo. Hatuelewani neno lolote, tunacheka tu. Leo kanipa tunda nisilolijua. Njano, linang'aa kama limepakwa mafuta, lina matuta marefu ubavuni. Akalikata katikati — nyota! Nyota ya pembe tano, kama ya kuchorwa na mtoto wa shule. Nikaweka mdomoni. Uchachu kidogo, utamu kidogo, mengine yote maji, maji baridi. Nikafumba macho.

Nikamwaza yeye na barafu yake.

Lakini kuuliza si ujinga. Nikagusa kiuno, nikagusa tumbo, nikamwonyesha tunda. Mama Kofia hakuelewa. Bahati Fundi Vigae akawa anapita na ndoo yake ya vyombo. Nikamwomba aniulizie kama linafaa kwa mtu ambaye kiuno kinamsumbua na mkojo hautoki vizuri. Nikasema ni mimi.

Fundi akacheka, akaniambia umri ndio huo, Mama, mashine imezeeka. Wakaongea wee. Akanirudia, "Anasema kula bila wasiwasi. Linasafisha mwili wote. Mama yake mzazi anakula kila siku."

Linasafisha. Neno hilo nimepanda nalo ngazi zote. Si ndiyo kazi ya ile mashine? Na daktari hakulitaja. Aliyoyakataa yote ni mazito, matamu. Hili jepesi, chachu. Tena maji ya tunda si maji ya bomba.

Nimenunua mfuko mzima.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Amekula! Amekula!

Nilimenya, nikakata vipande vidogo vidogo ili asione nyota akaanza maswali. Aliuliza hata hivyo, hili ni nini. Nikamwambia wewe kula, nimeshauliza watu. Akanitazama. Kisha akala kama zamani alipokuwa akitoka shule, bila kuinua kichwa. Akalamba na sahani, msichana mzima!

Akasema, "Mama, kiu imekatika."

Nikajifanya naanika nguo nyuma ya pazia. Nililia huko.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Juisi. Nimesaga kwa kuponda na mwiko, nikachuja kwa kitambaa safi. Glasi kubwa asubuhi, glasi kubwa jioni. Kaimba wakati anaoga. Miezi sijasikia.

Fundi kaniona sokoni na mfuko mwingine, kaniuliza kiuno vipi. Nikamjibu kinacheza ngoma.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwikwi. Tangu alfajiri. Nikamtania, kuna mtu huko nyumbani anakutaja, labda yule mwalimu aliyekupenda. Akacheka, kwikwi ikamkata kicheko.

Mchana bado. Nikamziba pua, nikamshtua, nikampa sukari kwenye ulimi. Bado. Hakwenda kiwandani. Kifua kinaruka kama kuna mtu ndani anagonga atolewe. Anashindwa hata kumeza mate.

Nikampa juisi kidogo ilainishe koo.

Baadaye akaniuliza kama nimefunga mbuzi. Mbuzi gani, mwanangu? Akasema wale wa bibi. Bibi alikufa yeye akiwa darasa la pili. Nikamwambia nimewafunga. Akanishukuru. Nimekaa nimemshika mguu, sijui kwa nini mguu. Kesho ni siku ya mashine. Mashine itamweka sawa. Lazima.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Niko kwenye benchi ya hospitali. Naandika kwa sababu mikono nikiiacha bure itanitia wazimu.

Asubuhi niliposema tuamke hakunijibu. Macho wazi, hayanioni. Kisha mwili ukakakamaa, meno yakasagana. Mwanangu! Nilitoka na kanga moja mpaka juu, nikagonga kwa Fundi kwa ngumi zote mbili. Hakuuliza kitu. Alimbeba mgongoni ngazi zote, na vumbi la saruji la jana bado liko kwenye nywele zake. Kwenye teksi ndipo nikamwambia figo. Mtu wa maneno yule, akanitazama usoni. Halafu akasema tu, "Mama, na mimi mnanificha?"

Mficha maradhi — sitaki hata kuimaliza methali hiyo.

Wamemwingiza ndani. Mlango mweupe, kitasa cha chuma. Kila ukifunguka naona miguu yake tu, ile iliyovimba.

Daktari kijana alitoka mbio, akasema na Fundi. Fundi ananitafsiria: anauliza amekula nini siku hizi. Nikasema wali. Uji. Samaki kidogo. Daktari akatikisa kichwa kwamba si hayo. Akachukua kalamu, akachora kwenye kiganja chake mwenyewe.

Nyota. Pembe tano.

Akamgeuzia Fundi kile kiganja, akamuuliza maneno mengi, makali, ya haraka. Na Fundi hakunigeukia. Akajibu mwenyewe, papo hapo, huku akitikisa kichwa. Daktari akarudi ndani. Mimi ulimi umeganda kama nimelamba barafu yake.

Ndipo Fundi akanieleza, kwa sauti ya kunituliza, kama mtoto wangu. "Anauliza kama amekula lile tunda. Anasema kwa mtu wa figo lile ni sumu, linapanda kichwani, na kwikwi ndiyo dalili yake. Akijua ndilo, wanamtia kwenye mashine sasa hivi. Kama silo, watafute kitu kingine kwanza. Nimemwambia hapana. Lile si la kwako, Mama? La kiuno?"

Nimeitika kwa kichwa! Mungu wangu, nimeitika. Shingo ilikwenda yenyewe. Zile siku zote za kusema sisi wazima, shingo imezoea.

Akanishika bega, akaenda kunitafutia maji ya kunywa. Maji, mimi!

Mle ndani wanatafuta kitu kingine. Wanapekua mwili wa mwanangu wanatafuta kitu ambacho kiko hapa. Kiko hapa kwenye mkoba wangu, matunda mawili, nilimwekea jana ya kula akitoka kwenye mashine. Mimi ndiye nimemlisha. Kwa mkono huu, nikimwambia nimeshauliza watu. Baba yake nitamtazama na jicho gani? Na yeye akiamka — aamke tu. Aamke anichukie, anifukuze, aniite muuaji, nitaitika bee.

Fundi bado hajarudi. Sina lugha. Sijui hata "samahani" wanasemaje hapa.

Lakini hili halihitaji mkalimani. Nimelitoa. Nasimama. Nitagonga mlango ule, nitalinyanyua juu, nitawaonyesha, kisha nitaonyesha mdomo wake, kisha mkono wangu —