Tisini Mwenye Jezi Isiyo na Jina

Barabara ya Kanisa la Zamani,
Mossy Fork, Alabama.
Jumapili ya Matawi, 14 Aprili 2019.

Mpendwa dada yangu Verlene,

Shikamoo dada. Hujambo huko kwenye barafu? Shemeji Otis naye, kifua kimeachia? Na yule mnyama wenu mwenye mapembe kama matawi ya mti, bado anakuja kuangusha pipa la taka, au mmeshamfanya kitoweo? Huku kwetu maua yamefunguka na vumbi la misonobari limetanda kila mahali, gari langu la bluu sasa ni la njano. Tunapiga chafya tu, lakini wazima.

Mama hajambo. Miguu imepungua kuvimba, mdomo ndio haujapungua. Leo kanisani alishika tawi lake kama askari ameshika bunduki, na mchungaji alipomaliza mahubiri akamwambia mlangoni, "Umesema vizuri baba, ila umesema mara mbili." Sasa hivi amesinzia kwenye kiti chake sebuleni. Mimi nimejifungia jikoni na kalamu, na ukisoma mbele utajua kwa nini nimefunga mlango.

Shemeji yako Cleve anakusalimu. Kiwandani kwao mbao zimezidi, wamemwita kazini Jumamosi zote za mwezi huu. Ndiyo maana jana nilikwenda peke yangu kumtazama mwanangu Tav kwenye mechi ya machipuko, ile ya futiboli ya Kimarekani chuoni kwao.

Dada, ungemwona mwanao! Nakwambia bila kujisifu, ingawa nina haki ya kujisifu, hakuna kijana mzuri kama Tavares katika chuo kizima cha Tolliver. Mabega yale ni mlango wa ghala. Nikipita naye sokoni wanawake wanaacha kuchagua nyanya. Na yote hayo yametoka kwenye mikono yangu hii na sufuria yangu, si kwenye ule unga wa makopo wanaokunywa wenzake.

Lakini unakumbuka goti. Oktoba ile walipombeba kwa machela nilikupigia simu nikashindwa kusema neno, nawe ukalia tu pamoja nami. Basi Februari Kocha Hutto alimwita akamwambia wazi: "Goti likistahimili mechi ya machipuko mpaka filimbi ya mwisho, Septemba unaanza kwenye kikosi, na chuo kinaendelea kukulipia. Likikataa, sitakudanganya, nafasi yako ina mtu." Tangu siku ile nyumba hii haikulala vizuri. Hata Mama alikuwa akiliombea goti kwa jina, kama vile ni mjukuu mwingine.

Sasa wewe umeondoka zamani, labda umesahau mechi hii ilivyo. Kambare, timu ya chuo, wanajigawa, nusu jezi nyekundu, nusu nyeupe, ndugu kwa ndugu. Mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira, anavaa kijani, maana yake usimwangushe, mguse tu kwa viganja refa apulize. Na jioni ni karamu: walioshinda wanakula steki, walioshindwa wanakula maharage, na jamaa zao pia. Umekuja na rangi gani, unakula chakula cha rangi hiyo. Kocha Hutto hana mchezo na jambo hili. Mwaka juzi mkewe mwenyewe alikula maharage.

Tav, ambaye kazi yake ni kumvamia mrushaji wa upande wa pili, alipangwa nyekundu, namba hamsini na nne. Basi mimi nikavaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi. Nilikaa na Earline Bascomb, mama yake Jerome, yule jitu mpole ambaye kazi yake ni kumkinga mrushaji wa nyekundu. Tulikuwa na karanga zetu za kuchemsha, jua limetulia, bendi inapiga. Lakini macho yangu, dada, hayakuwa kwenye mpira. Kila Tav alipogongana na mtu nilikuwa natazama kitu kimoja tu, ile bandeji nyeusi kwenye goti la kushoto. Ikisimama, napumua. Ikilala chini, naacha kupumua. Kipindi cha kwanza kikaisha na bandeji imesimama.

Wakati wa mapumziko tulikwenda kupanga foleni ya choo. Pale nikakutana na wanawake wa kutoka Dunmore, nikaanza kuwasimulia Tav alivyozaliwa mkubwa mpaka mkunga akaita mwenzake aje aone. Vipaza sauti vilikuwa vinatangaza kitu. Sikusikiliza. Nilikuwa bado sijafika kwenye habari ya meno.

Tuliporudi, mchezo umeanza, na hamsini na nne hayupo.

Nikatazama uwanjani, hayupo. Nikatazama benchi la nyekundu kichwa kwa kichwa, hayupo. Nikaona lile hema dogo la daktari pembeni, limefungwa pazia. Nikamwekea Earline mfuko wa karanga mapajani.

"Labda amekwenda kunywa maji," Earline akasema.

"Maji gani ya muda wote huu?"

Na kama kwamba hilo halikutosha, upande wa nyeupe likaibuka lijamaa moja, namba tisini, jezi haina jina mgongoni, jezi ya akiba tu. Dada, lijamaa lile lilikuwa linampita Jerome kama mtu anavyopita pazia la shanga. Linamsukuma, linamzungusha, linamgusa mrushaji, refa anapuliza. Tena. Na tena. Earline maskini amekunja leso mdomoni. Nami uchungu wa mwanangu sikuwa na pa kuupeleka, nikaupeleka kwa tisini.

Nikasimama juu ya benchi. Unaijua sauti yangu.

"Wee tisini! Nani kakufundisha kucheza, nguruwe pori? Mama yako hakukulea, alikufuga!"

Watu wakacheka. Wakicheka mimi huwa naongeza.

"Mama Tav, keti," Earline akanivuta sketi. "Yule naye ana mama yake."

"Basi mama yake aje hapa nizungumze naye!"

Tisini akampita Jerome tena, safari hii Jerome akaanguka chali. Hapo ndipo nikasema neno, na hili ndilo lililonifungia mlango wa jikoni. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mungu na alivunje hilo goti lake, labda atatulia!"

Verlene, unajua Mama alivyotulea. Neno la mzazi halianguki chini. Aliwahi kutuzuia hata kumwita kuku wetu mpumbavu. Nilijua nimevuka mpaka. Lakini nikajiambia, mimi si mzazi wa yule, neno langu halina pa kushika.

Nikashindwa kuketi. Nikateremka ngazi mpaka kwenye uzio, karibu na lile hema. Getini alikuwa Mzee Pruitt wa kwaya yetu, amevaa kizibao cha ulinzi.

"Mzee Pruitt, nifungulie. Mwanangu yuko humo hemani."

"Humo hamna mtu, Mama Tav. Humo daktari anakula mkate wake."

"Basi wamempeleka wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mlango wa nyumba yangu mwenyewe. "Wewe ulikuwa wapi walipotangaza? Nyeupe wamepungukiwa na mtu, ameteguka kifundo cha mguu. Kocha kamhamisha Tav. Na daktari kakubali afungue ile bandeji, Kocha anataka kuliona goti lenyewe." Akanyoosha kidole. "Mwanao si yule pale? Tisini."

Dada, niliushika ule uzio kwa mikono miwili.

Mama mzima! Nimemzaa, nimemuogesha, nimemfundisha kutembea, halafu nimemtafuta kwa namba na bandeji. Sasa nilipomtazama tena, bega la kulia limeshuka kidogo, vidole vinachezacheza kabla ya kuinama, kila kitu ni chake. Na goti liko wazi, lina kovu, na juu ya kovu hilo kuna neno langu.

Ilikuwa dakika za mwisho. Nyeupe mbele kwa pointi tatu, nyekundu wana mpira, wamefika karibu kabisa na mstari wa kufungia. Wakifunga wanashinda. Uwanja mzima umesimama. Mimi sikujua hata ninataka nani ashinde. Nilitaka mguu mmoja tu.

Wakainama. Mpira ukatoka. Tav akampiga Jerome bega, akazunguka, akapita, na mbele yake ile jezi ya kijani peke yake. Alikuwa anakwenda kwa kasi ya gari, na kijani haangushwi, kwa hiyo lazima asimame. Akaukita mguu wa kushoto chini, akageuka juu yake. Dada, ndivyo hasa goti lilivyokatika Oktoba, mguu huo huo, mgeuko huo huo. Viganja viwili vikamgusa mrushaji kifuani, refa akapuliza. Na Jerome, ambaye alikuwa anamkimbiza kwa nyuma na hakuweza kusimama, akamwangukia mguuni na uzito wake wote.

Wote wakainuka isipokuwa tisini.

Nikamwona daktari anautupa mkate. Sikumngoja Mzee Pruitt. Sijui niliupandaje ule uzio, na mwili wangu huu unaujua, ila sketi yangu ya Pasaka ina mpasuko mpaka kiunoni. Nikasimama kwenye majani nikapiga kelele kwa nguvu zote:

"Tisini! Nimefuta! Nililosema nimelifuta! Lote! Mungu, umenisikia, nimefuta!"

Jerome akampa mkono. Tav akakaa. Akalishika goti, akalitazama, akalikunja mara moja, polepole, akalinyoosha. Halafu akasimama. Akakanyaga kwa kulia, akakanyaga kwa kushoto. Akaruka kidogo palepale kama mtu anayejaribu barafu ya kidimbwi. Watu wakalipuka kwa shangwe, nyekundu kwa nyeupe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nalia, na Mzee Pruitt ananifunika na kizibao chake kwa ajili ya ule mpasuko.

Filimbi ya mwisho ikalia. Nyeupe wakashinda.

Kwa hiyo jioni Tav alikuwa kwenye meza ya steki, amefungwa barafu gotini, na mimi kwa sababu ya kofia yangu na soksi zangu nikaketi na Earline kwenye maharage. Sikulalamika. Niliyatafuna tu bila kusikia ladha, kwa maana Kocha Hutto alikuwa hajasema neno juu ya nafasi ya Tav. Alikuwa anazunguka meza hadi meza, mikono nyuma, uso wake kama ukuta.

Akafika nyuma yangu akasimama.

"Mama Tav," akasema, "sauti yako imefika mpaka kwenye benchi langu."

Nikataka ardhi ipasuke. "Kocha, nisamehe, sikujua kama ni..."

"Septemba njoo," akasema. "Ila nimewaambia wamshonee jina mgongoni, herufi kubwa, ili safari nyingine umjue unayemtukana."

Meza nzima ikaangua kicheko, na Earline akanipiga mgongo mpaka maharage yakanipalia. Baadaye Tav akaja anachechemea kidogo, kwa barafu tu, ameficha kipande cha steki kwenye leso. Nikamuuliza goti linasemaje. Akasema, "Lilikusikia ulipofuta, Mama. Lakini hilo la kunifuga, hilo hujalifuta." Nikalifuta hapohapo, nikamlisha kwa mkono wangu nusu ya nyama yake.

Basi ndiyo hayo. Mama nimemwambia goti limestahimili na akaimba. Habari ya ulimi wangu hajui, na akijua kwako, dada, na mimi nitamweleza ni nani aliyeivunja ile sahani ya bibi.

Nisalimie shemeji Otis, watoto, na rafiki yako wa kanisani anayetuma samaki. Cleve na Tav wanakusalimu, na Mama anasema ujifunike masikio. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akufikishe huku Septemba ukae pembeni yangu uwanjani, unishike sketi mapema kuliko Earline.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Odessa,
mama yake Tavares Tarpley, jina lipo mgongoni.